Waliobeba Msiba Jukwaani

Tanzia ni mchezo wa kuigiza unaomfuata mtu mpaka kwenye anguko lake. Mtu huyo kwa kawaida si mwovu wa kupindukia wala si malaika. Ana hadhi, ana nia, na mara nyingi ana haki upande mmoja. Kinachomwangusha kimo ndani yake na pia nje ya uwezo wake, na anapokitambua huwa ameshachelewa. Historia ya sanaa hii imezoeleka kusimuliwa kwa majina ya watunzi, kwa sababu maandishi hubaki na sauti hupotea. Lakini tangu mwanzo tanzia imekuwa kazi ya watu wawili: aliyeandika, na aliyesimama mbele ya umati kuyatamka maneno yale. Kila zama zilipobadili mawazo kuhusu nani anastahili kusimama pale, tanzia yenyewe ilibadilika.

Wagiriki wa kale waliamini kwamba wawili hao walianza wakiwa mtu mmoja. Mapokeo yao yanasema kuwa karibu mwaka 534 KK, mjini Athens, Thespis alijitenga na korasi, yaani kundi la wanaume walioimba na kucheza kwa heshima ya mungu Dionysus, akaanza kujibizana nalo kwa sauti ya mhusika. Alitunga mwenyewe, akaigiza mwenyewe. Aeschylus, aliyezaliwa karibu mwaka 525 KK, aliongeza mwigizaji wa pili. Hatua hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa maana mwigizaji mmoja aweza tu kulieleza kundi habari zake, bali wawili waweza kukabiliana, kudanganyana na kuombana radhi. Sophocles akaongeza wa tatu, na Athens ikaishia hapo.

Michezo hiyo ilionyeshwa katika sikukuu ya Dionysus, mwanzoni mwa majira ya kuchipua, mchana kweupe, kwenye mteremko wa kusini wa mlima wa Akropolis. Watunzi watatu waliteuliwa kushindana, kila mmoja na tanzia tatu na mchezo mmoja wa mzaha. Gharama za korasi alitwishwa raia tajiri, kama namna ya kodi kwa mji. Mwaka 472 KK mzigo huo ulimwangukia kijana Pericles, ambaye baadaye angeiongoza Athens. Mtunzi aliyepangiwa alikuwa Aeschylus, na mchezo ulikuwa Waajemi, tanzia ya zamani kuliko zote zilizotufikia nzima.

Inafaa kukaa kidogo na mchezo huo. Miaka minane tu kabla yake, majeshi ya Uajemi yalikuwa yameichoma Athens moto, kisha yakashindwa baharini kule Salamis. Aeschylus mwenyewe alipigana na Waajemi katika vita vya Marathon vya mwaka 490 KK, na huko akampoteza ndugu yake. Mtunzi mwingine angeandika wimbo wa ushindi. Yeye alilihamishia jukwaa kwenye kasri la adui, akamwonyesha mama yake mfalme wa Uajemi akipokea habari za maangamizi, na wazee wa Uajemi wakilia kwa majina ya vijana wao. Watazamaji walikuwa watu wale wale waliojenga upya nyumba zilizochomwa, na mchezo ulipewa tuzo ya kwanza. Kabla ya hapo mtunzi Phrynichus alikuwa ameigiza kutekwa kwa Miletus, mji wa ndugu zao, na watu wakalia mno. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba alitozwa faini ya drakma 1,000 na mchezo ukapigwa marufuku. Athens iliweza kuukabili msiba wa adui, na kwa njia hiyo ikajifunza kuutazama msiba wowote.

Waigizaji wote walikuwa wanaume. Walivaa barakoa zilizofunika kichwa kizima, na kwa kuwa walikuwa watatu tu, kila mmoja alibeba nafasi kadhaa katika mchezo mmoja. Leo jambo hilo laweza kuonekana kama ufinyu wa vifaa, lakini watunzi walilifanya kuwa chombo cha maana. Katika mchezo wa Euripides kuhusu Dionysus na mfalme Pentheus, wataalamu wengi wanakubali kwamba mwigizaji wa Pentheus ndiye aliyerudi baadaye akiwa mama yake, Agave. Mama huyo, akiwa amepagawa, amemuua mwanawe bila kumtambua, na anaingia akiwa amekishika kichwa cha marehemu. Kichwa hicho yaelekea kilikuwa barakoa ile ile aliyoivaa mwigizaji muda mfupi uliopita. Mtu mmoja amebeba maiti na muuaji, na watu wanajua.

Sauti ndiyo iliyokuwa silaha kuu ya mwigizaji, kwa sababu barakoa haikunji uso. Sophocles, kwa mujibu wa mapokeo, aliacha kuigiza katika michezo yake kwa kuwa sauti yake ilikuwa dhaifu, na huo ndio mwanzo wa kutengana kwa mtunzi na mwigizaji. Karibu mwaka 449 KK mji ulianza kutoa tuzo ya pekee kwa mwigizaji bora. Karne iliyofuata mambo yalikuwa yamegeuka kabisa: Aristotle, yule yule aliyeeleza kuwa tanzia huamsha huruma na hofu, aliandika kwamba katika siku zake waigizaji walikuwa na nguvu kuliko watunzi. Mmoja wao, Polus, alipoigiza nafasi ya Electra, dada anayelilia chungu anachodhani kina majivu ya kaka yake, inasimuliwa kwamba alichukua chungu cha majivu ya mwanawe aliyefariki karibuni, akalia kilio chake mwenyewe. Je, hiyo ni sanaa au ni kuivunja sanaa? Swali hilo bado linawasumbua walimu wa uigizaji.

Nguvu hiyo ilikuwa na hatari zake. Waigizaji walizoea kuongeza na kupunguza maneno, hata kiongozi wa Athens aliyeitwa Lycurgus akaamuru nakala rasmi za Aeschylus, Sophocles na Euripides zihifadhiwe, na waigizaji wasitoke nje yake. Nakala hizo zilikuja kuazimwa na mfalme Ptolemy wa Misri kwa ajili ya maktaba ya Aleksandria, kwa dhamana ya talanta 15 za fedha. Mfalme alizinakili, akabaki na zile za asili, akarudisha nakala mpya na kuiacha dhamana ipotee. Hata hivyo kilichosalia ni kidogo: michezo saba kati ya zaidi ya 100 ya Sophocles, saba iliyo chini ya jina la Aeschylus, na kumi na minane au kumi na tisa ya Euripides, ambaye akiwa hai alishinda mara nne tu. Medea, inayoigizwa duniani kote leo, iliambulia nafasi ya mwisho mwaka 431 KK.

Roma iliirithi tanzia na kumshusha mwigizaji. Athens mwigizaji mashuhuri aliweza kutumwa kama balozi. Roma wengi walikuwa watumwa au watu walioachwa huru, na raia aliyeigiza kwa malipo alipoteza sehemu ya haki zake. Seneca, mtunzi mkubwa wa tanzia wa Kirumi, alikuwa mwalimu na mshauri wa Kaizari Nero, na mwaka 65 BK aliamriwa na Nero ajiue. Michezo yake ina mizimu, visasi na hotuba ndefu, na wataalamu bado wanabishana kama iliigizwa au ilisomwa tu kwa sauti. Vyovyote iwavyo, iliandikwa kwa Kilatini, na miaka 1,500 baadaye ndiyo iliyosomwa na wanafunzi wa Uingereza ambao wengi wao hawakukijua Kigiriki.

Kwa wanafunzi hao tanzia ilizaliwa mara ya pili. Mwaka 1576 James Burbage, seremala aliyegeuka mwigizaji, alijenga jumba la maigizo nje kidogo ya mipaka ya jiji la London. Mgogoro wa ardhi ulipozuka, kampuni yake ilibomoa jengo, ikavusha mbao zake ng'ambo ya mto Thames, ikasimamisha ukumbi wa Globe mwaka 1599. Mwanawe, Richard Burbage, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuigiza Hamlet, Othello na Mfalme Lear. William Shakespeare alikuwa mwanahisa na mwigizaji katika kampuni hiyo hiyo. Hakuwa mtu wa kuandika chumbani na kupeleka muswada kwa wageni. Aliyajua mapafu ya Burbage, alijua ni mistari mingapi rafiki yake angeweza kuitamka kabla ya kuvuta pumzi, na alijua ni kijana gani wa kampuni angeweza kuwa Desdemona. Maana Uingereza nayo haikuwaruhusu wanawake katika majumba hayo. Lady Macbeth na Cleopatra waliandikwa kwa ajili ya wavulana.

Waigizaji waliulipa urafiki huo. Shakespeare alipofariki mwaka 1616, karibu nusu ya michezo yake haikuwa imechapwa popote. Wenzake wawili wa jukwaani, John Heminges na Henry Condell, waliikusanya na kuitoa katika kitabu kimoja mwaka 1623. Michezo 18 kati ya 36 iliyomo haikuwa imechapwa kabla ya hapo, na miongoni mwake ni Macbeth na Julius Caesar. Bila waigizaji hao wawili Julius Nyerere wa Tanzania asingekuwa na Julius Caesar wa kutafsiri kwa Kiswahili, jambo litakaloelezwa mbele.

Baadaye, upande wa pili wa dunia, mtunzi Mjapani Chikamatsu Monzaemon (1653–1725) aliondoka kwa waigizaji hai akawaandikia wachezesha vikaragosi wa Osaka. Baadhi ya wataalamu wanaona sababu mojawapo ni kwamba vikaragosi havikubadili maneno yake. Mwaka 1703 alitunga tanzia ya mfanyakazi wa duka na kahaba waliojiua pamoja kwa mapenzi, kisa cha kweli kilichotokea majuma machache tu kabla. Wapenzi wengine wakaiga, na mwaka 1723 serikali ikapiga marufuku michezo ya aina hiyo. Mashujaa wake hawakuwa wafalme.

Ufaransa ya karne ya 17 ilishika kanuni kali: mahali pamoja, siku moja, kisa kimoja. Ndani ya kanuni hizo Jean Racine aliandika Phèdre, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1677, akiiandika kwa ajili ya Marie Champmeslé, mwigizaji ambaye Racine mwenyewe alimfundisha mistari yake. Ufaransa iliwapa wanawake jukwaa mapema kuliko Uingereza, lakini Kanisa liliwahesabu waigizaji kuwa watu waliotengwa. Adrienne Lecouvreur, mwigizaji mkuu wa tanzia wa zama zake, alipofariki mwaka 1730 alinyimwa mazishi ya Kikristo. Mji mzima ulikuwa umemlilia jukwaani, naye akafukiwa usiku bila sala. Voltaire aliandika kulilaani jambo hilo, na alikuwa na haki kukasirika.

London nayo iliwafungulia wanawake milango mwaka 1660, baada ya majumba kufungwa kwa miaka 18 ya vita na utawala wa Wapuriti. Tunda kubwa la hatua hiyo lilikuwa Sarah Siddons (1755–1831). Katika onyesho la Lady Macbeth akitembea usingizini, waigizaji waliomtangulia walikuwa wakishika mshumaa mkononi wakati wote. Siddons aliuweka chini ili apate kuisugua mikono yote miwili, akijaribu kuondoa damu isiyoonekana. Wakubwa wa jumba walimkataza, akafanya hivyo hivyo, na tangu hapo ni vigumu kuusoma mchezo huo bila kuiona mikono ile. Alipoaga mwaka 1812, onyesho hilo lilipokwisha watu hawakukubali mchezo uendelee.

Mwezi Machi 1833 Edmund Kean, mwigizaji mashuhuri kuliko wote Uingereza, alianguka jukwaani akiigiza Othello, mikononi mwa mwanawe aliyekuwa Iago. Hakuigiza tena. Mwezi uliofuata nafasi yake katika jumba la Covent Garden ilichukuliwa na Ira Aldridge, kijana wa miaka 25. Othello ni jemadari Mwafrika, na kwa zaidi ya miaka 200 alikuwa ameigizwa London na wazungu waliojipaka rangi. Aldridge alikuwa mweusi. Alizaliwa New York mwaka 1807, akasoma katika shule ya watoto wa Kiafrika, na alipoona kwamba Marekani haitampa jukwaa alivuka bahari akiwa na miaka 17 hivi.

Mwaka ule ule bunge la Uingereza lilikuwa likijadili sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake, na magazeti ya wale waliofaidika na utumwa yalikuwa mengi. Mhakiki mmoja alilalamika kwamba mwigizaji wa kike, Ellen Tree, aliguswa na mikono ya mtu mweusi mbele ya hadhara. Watazamaji walimshangilia Aldridge, lakini baada ya maonyesho mawili milango ilifungwa. Alirudi kuzunguka miji ya mikoani kwa karibu miaka 20. Alijipaka rangi nyeupe akawa Macbeth, Lear na Shylock. Kuanzia mwaka 1852 alizunguka bara la Ulaya, Ujerumani hadi Urusi, akitamka Kiingereza huku waigizaji wenzake wakimjibu kwa lugha zao. Huko alipewa nishani na heshima ambazo London ilimnyima. Alifariki mwaka 1867 akiwa ziarani Łódź, Poland, na ndiko alikozikwa. Ilipofika mwaka 1943, mwigizaji mwingine mweusi, Paul Robeson, aliigiza Othello huko New York kwa maonyesho 296, na hakuna mchezo wa Shakespeare uliowahi kudumu hivyo katika majumba ya Broadway.

Wakati huo tanzia ilikuwa imeshaondoka ikulu. Henrik Ibsen wa Norway aliiingiza sebuleni, katika nyumba zenye siri za ndoa na maradhi. Mwaka 1949 Mmarekani Arthur Miller alimfanya mchuuzi msafiri aliyechoka, Willy Loman, kuwa shujaa wake, akatetea kwa maandishi kwamba mtu wa kawaida anafaa kwa tanzia sawasawa na mfalme. Lee J. Cobb, aliyeigiza nafasi hiyo wa kwanza, alikuwa bado hajafikisha miaka 40, akicheza mtu wa miaka 63.

Afrika haikuwa mgeni wa maigizo ya msiba, kwani matambiko na maombolezo yake yana korasi na wahusika tangu zamani. Watunzi wa baada ya uhuru waliikutanisha mila hiyo na Wagiriki bila unyonge. Ola Rotimi wa Nigeria aliipeleka hadithi ya Oedipus katika ufalme wa Kiyoruba mwaka 1968. Wole Soyinka, katika mchezo wake wa mwaka 1975 kuhusu mshika farasi wa mfalme, alichukua kisa kilichotokea Oyo katikati ya miaka ya 1940, pale ofisa wa kikoloni alipomzuia mtu aliyepaswa kwa mila kumfuata mfalme wake kaburini. Soyinka alionya wasomaji wasiuone kuwa mgongano wa tamaduni tu. Mkoloni kwake ni tukio. Msiba wenyewe uko ndani ya Elesin, mshika farasi huyo, mtu aliyechelewa kwa kuipenda dunia. Onyo hilo ni la haki, na waongozaji wengi hawalisikii.

Huko Afrika Kusini tanzia ilifika gerezani. Wafungwa wa kisiasa wa Robben Island waliigiza Antigone ya Sophocles, na Nelson Mandela akachukua nafasi ya Creon, mfalme anayeiweka sheria ya dola juu ya haki. Mwaka 1973 Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona walitengeneza pamoja mchezo wa The Island, kuhusu wafungwa wawili wanaojiandaa kuigiza Antigone. Hapo mtunzi na waigizaji walirudi kuwa kitu kimoja, kwani maneno mengi yalizaliwa mazoezini. Kani ndiye pia aliyekuwa Othello katika Market Theatre ya Johannesburg mwaka 1987, miaka miwili tu baada ya kufutwa kwa sheria iliyokataza mapenzi kati ya watu wa rangi tofauti.

Kwa Kiswahili tanzia iliyoandikwa ilipitia kwanza katika tafsiri. Julius Nyerere, akiwa mkuu wa nchi, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 na kuirekebisha mwaka 1969. Samuel Mushi akatafsiri Macbeth, kisha Oedipus ya Sophocles aliyoiita Mfalme Edipode. Lakini mwaka 1969 ndio uliozaa tanzia kubwa ya asili ya Kiswahili, Kinjeketile, ya Ebrahim Hussein, kijana wa pwani ya kusini mwa Tanzania aliyesomea sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kinjekitile Ngwale wa historia alikuwa mganga wa Ngarambe aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, akanyongwa mwanzoni mwa vita vya Maji Maji mwaka 1905. Hussein alitangaza wazi kwamba wake si yule wa historia. Wake anapandwa na mzimu wa Hongo, anatoa ahadi ya umoja na maji, kisha akili yake inamrudia na anaanza kuyashuku maneno yaliyotoka kinywani mwake. Katika utabiri huo watu wameambiwa watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, na Kinjeketile anatambua kwa uchungu kwamba huenda amewatoa kwa bwana mmoja na kuwapeleka kwa mwingine. Neno limekwisha kumponyoka. Watu wameungana kwa ajili yake na hawataki kungoja. Mwishoni, akiwa kifungoni baada ya kushindwa, rafiki yake Kitunda anamsihi akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Wajerumani ndio wanaotaka kauli hiyo, na akiitoa itawafikia watoto wa waliokufa kama amri ya kutopigana tena.

Hapo mtunzi amemkabidhi mwigizaji kazi ngumu kuliko ya Burbage katika Lear. Lear anapiga kelele dhidi ya mbingu, lakini Kinjeketile anapaswa kuonyesha mtu asiyeyaamini maji na bado anayeiamini sababu ya vita, na kufanya hivyo kwa kukataa kusema. Msomaji aweza kupita ukurasa huo haraka, na wengi wamepita, kwa kuwa kitabu hiki kimejulikana zaidi madarasani kuliko kumbini. Jukwaani hakuna kupita haraka. Kitunda anauliza, hadhira inangoja jibu, na mwigizaji asipoubeba ukimya ule ipasavyo Kinjeketile ataonekana mkaidi tu, si mtu aliyechagua kupoteza jina lake ili wengine wabaki na sababu ya kupigana.